Barua za Breki za Theonest

"Krismasi hii mkiniona bado nipo Bukiriro, nipakeni grisi mnifunge kwenye nguzo ya umeme."

Theonest aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia tatu, siku ya sherehe ya kumuaga binamu yake aliyekuwa anaolewa. Mshereheshaji alikuwa amempa kipaza sauti atoe salamu za vijana wa ukoo. Salamu zilichukua nusu dakika. Safari yake ya Kanada ilichukua dakika kumi na moja. Aliwaahidi mashangazi majaketi, akamwahidi bwana harusi simu, na wanakwaya, ambao hawakuwa wameomba kitu, akawaahidi kinanda. Paroko alipiga makofi ya adabu. Mama yake aliinamia sahani ya wali kama mtu anayetafuta mchanga.

Krismasi ikaja, Theonest yupo. Hakuna aliyempaka grisi, maana tayari alikuwa nayo hadi kwenye kope. Lakini jina lilibadilika. Watoto wakamwita Kanada. Waendesha bodaboda wakawa wanamsimamisha barabarani: "Kanada, huko leo baridi ikoje?" Mama mmoja muuza ndizi alimkatalia kukopa akisema anaogopa kukopesha mtu aliye safarini. Kufika Pasaka, kijana aliyekuwa haachi neno lipite bila kulikanyaga mkia alikuwa amejifunza kunyamaza. Na huko kunyamaza ndiko kulikokaribia kumponza kuliko zile dakika kumi na moja.

Theonest ni fundi wa malori, Rusumo, mpakani. Lori linalofika pale limetoka mbali, limebeba tani ishirini na kitu, limeshuka miteremko yenye tabia mbaya, na likikaribia daraja unalinusa kabla hujaliona. Gereji anayofanyia kazi ni uwanja wa changarawe, kontena moja, turubai, na kompresa inayokohoa kama babu. Mwenyewe ni Mzee Mihayo, Msukuma aliyekuja kutoka Shinyanga na ng'ombe. Ng'ombe walipoisha akanunua kompresa, na anaiita kwa majina yale yale aliyokuwa akiwaita ng'ombe.

Theonest alifika hapo akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amesoma nusu ya kozi ya ufundi magari. Nusu ya pili bado inamsubiri chuoni, na nadhani sasa imechoka. Mihayo hakumuuliza cheti. Alimwonyesha lori lililokuwa limewasili dakika hiyo hiyo, akamwambia, "Gurudumu gani halifungi breki?" Kijana akaanza kufungua mkoba wa spana. Mzee akamzuia. Akamshika mkono, akamzungusha lori zima, nyuma ya kiganja chake karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moto, moto, moto, moto, baridi.

"Hilo," alisema Mihayo. "Wenzake wote wametoka jasho mlimani, lenyewe limekuja kama mgeni. Mvivu hajifichi."

Hiyo ndiyo nusu ya pili ya kozi yake, ikafundishwa kwa dakika tatu. Kuanzia hapo Theonest akawa mtu wa breki. Wengine walifanya injini, wengine matairi. Yeye alikuwa chini ya tela na povu la sabuni, akisikiliza upepo unakovujia. Miaka saba. Malipo mkononi jioni, mkataba hakuna, na hakuna aliyeona ajabu.

Wazo la Kanada lilitoka kwa dereva mmoja aliyemwambia kwamba huko mafundi wa malori ni wachache na wanatafutwa. Baada ya aibu ya kipaza sauti Theonest aliendelea kutafuta, ila kimya kimya, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alituma maombi hamsini na nane. Arobaini hayakujibiwa, kumi na matatu yakakataliwa. Matano yalijibiwa na matapeli waliotaka atume pesa ya usajili kwanza, naye akawajibu kwa Kihangaza maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yake anajua kusoma. Kitu alichokuwa anakisaka kilikuwa kimoja tu: ofa ya kazi yenye jina lake. Bila mwajiri aliyekubali kukuchukua, hiyo viza ya watu wenye ujuzi unaitazama kama picha ya kalenda.

Ombi la hamsini na tisa lilimfikia mzee mwenye karakana ya malori, mji mdogo wa baridi kali. Wakaongea kwa video, Theonest akiwa ndani ya kontena, amevaa shati la kanisani juu na ovaroli chini. Kiingereza chake kina matege lakini kinatembea. Yule mzee akamuuliza: huna vifaa vya kupimia, lori limeshuka mlima, utajuaje breki ya gurudumu gani haifanyi kazi?

"Natafuta gurudumu la baridi," Theonest akajibu, akaonyesha kwa mgongo wa mkono.

Mzee yule alicheka mpaka kamera yake ikatikisika. Akasema na yeye baba yake alimfundisha hivyo hivyo. Wakazungumza saa nzima, na mwisho akasema anamtaka. Kulibaki jambo moja dogo. Sheria zao zilitaka uthibitisho wa miaka mitano mfululizo ya kazi hiyo, kwa hiyo ampe majina ya watu wawili watakaopigiwa simu.

Theonest akaandika jina la Mihayo, mwajiri. La pili akaandika la mtendaji wa kijiji, Bwana Idefonsi, maana huku kwetu hata ukitaka kufungua laini ya simu unaanzia kwa mtendaji. Akatuma. Na kwa sababu alikuwa amechoka kuitwa Kanada, hakumwambia Mihayo, hakumwambia Idefonsi, hakumwambia hata mama yake.

Wiki moja baadaye, akiwa chini ya tela, simu ikalia mfukoni. Barua pepe. Akaisoma amelala chali, matone ya maji ya sabuni yakimdondokea shingoni. Ilikuwa imeandikwa kwa upole sana, na kwa ufupi ilisema hivi: mwajiri uliyemtaja anasema wewe hakufahamu. Mtendaji uliyemtaja anasema wewe ni raia halali, lakini kuhusu kazi yako hajui kitu. Tuna siku tisa, baada ya hapo nafasi itakwenda kwa mwombaji mwingine. Kama una nyaraka za miaka hiyo, tutumie.

Alitoka chini ya tela taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

Mihayo alikuwa amekaa mlangoni pa kontena anakula muhogo wa kuchemsha.

"Mzee, kuna mtu alikupigia simu kuniulizia?"

"Yupo. Juzi. Mwanamke, Kiswahili cha Kenya. Nikammaliza."

"Ukammalizaje?"

"Akasema, unamfahamu Theonest? Nikasema simfahamu. Akasema, si umemwajiri wewe? Nikasema mimi sijaajiri mtu tangu nizaliwe. Akasema, basi hapo gereji magari yanatengenezwa na nani? Nikamwambia yanapumzika, yakipona yanaondoka."

Theonest akakaa juu ya tairi. "Ulidhani ni nani, mzee?"

"Watu wa michango ya wafanyakazi. Wanaanza na sauti tamu hivyo hivyo, mara faini. Usinishukuru, kijana. Ningekutaja wangetubeba wote wawili."

"Mzee, yule alikuwa anapiga kutoka Kanada."

Mihayo aliacha kutafuna. "Kanada ipi?"

"Kanada yenyewe."

"Kumbe ilikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli, mzee. Mpaka juzi."

Mihayo akauweka muhogo chini, juu ya ovaroli safi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema mpigie sasa hivi, nitamwambia umefanya kazi hapa miaka ishirini. Theonest akamkumbusha kwamba yeye ana miaka ishirini na sita. Mzee akasema basi kumi na tano. Ilibidi amweleze kwamba mdomo uliokana juzi hauwezi kukubali leo ukaaminika, na kwamba watu wale sasa wanataka karatasi. Mihayo akaingia kontena akatoka na daftari lake la kazi. Lilikuwa na namba ya kila lori lililowahi kukanyaga ile changarawe. Jina la binadamu halikuwemo hata moja.

Jioni Theonest akaenda Bukiriro kwa mtendaji. Bwana Idefonsi alimpokea kwa fahari.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Karibu, nimekutetea mpaka sauti ikakauka. Mwanamke kanipigia ananiuliza, unamfahamu huyu? Nikajua tu. Nikasimama. Nikamwambia huyu ni wa hapa, baba yake wa hapa, babu yake kaburi lake liko pale juu ya kisima, na babu wa babu yake alilima hapa kabla mipaka haijachorwa. Hajavuka popote, hajatoka kambi ya wakimbizi, kule Lukole kambini alikwenda kuuza nyanya tu, tena ni mama yake si yeye."

"Na kuhusu kazi, mheshimiwa?"

"Kazi nikamwambia sijui, asinichanganye. Nikarudi kwenye uraia."

Kuna nini cha kumwambia mtu kama huyo? Katika wilaya yetu, mgeni akikuulizia habari za jirani yako, swali huwa ni moja tu, ni raia au si raia, na kila mtu mzima analijua jibu lake kwa moyo. Idefonsi alikuwa amelijibu lile swali vizuri kuliko mwanasheria. Theonest alimshika mkono kwa mikono miwili akamshukuru, na alikuwa anamaanisha. Kisha akarudi Rusumo akiwa na siku nane na hana kitu.

Aliyekumbuka njia ni Mihayo. Asubuhi ya pili, akiwa anaipigapiga kompresa na kuibembeleza kwa Kisukuma, aligeuka ghafla.

"Barua za Adventina," alisema.

Adventina alikuwa wakala wa forodha pale mpakani. Mzigo unaopita kwenda nchi jirani hupewa siku chache tu za kuvuka, na hesabu yake iko mbioni. Lori likiharibika na kulala Rusumo, wakala ana maelezo ya kutoa. Mawakala wengine walitoa maelezo kwa mdomo. Adventina hakuamini mdomo wa mtu yeyote, pamoja na wake. Lori la mteja wake likitengenezwa, halitoki uwanjani mpaka fundi aandike barua: tarehe, namba ya gari, ubovu ulikuwa nini, umetengenezwaje, sahihi. Nakala moja inakwenda inakokwenda, nyingine anaiweka yeye. Mafundi walikuwa wanamlaani kimoyomoyo. Theonest alikuwa anamlaani kwa sauti. Mwaka jana mama huyo alifunga ofisi akarudi kwao Biharamulo.

"Atakuwa amezichoma," Theonest alisema.

"Yule?" Mihayo akacheka. "Yule hachomi hata kiberiti."

Theonest akapata lifti ya lori lenye breki alizozifunga mwenyewe, kwa hiyo alisafiri akiwa na amani. Akashuka Lusahunga, akadandia Noah ya abiria, na saa nane mchana alikuwa Biharamulo anaelekezwa nyumba yenye banda la kuku la bati jipya. Adventina alikuwa uani anapepeta pumba. Alinyoosha mgongo akamtazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa breki? Mwandiko umelala kama mgonjwa."

"Ndiye mimi, mama."

"Nani alikuwa ananiita askari jela?"

"Si mimi, mama."

"Ni wewe. Ulikuwa chini ya lori ukidhani husikiki. Chini ya lori kuna mwangwi. Karibu ukae."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza siku zimebaki ngapi, akaambiwa saba, akasema nifuate. Kwenye chumba cha stoo, juu ya mbao, yalikuwepo maboksi faili, kila mwaka na boksi lake, mgongoni umeandikwa kwa wino mwekundu. Theonest akahesabu kwa macho, moyo unapanda ngazi. Kuna mmoja ulikosekana katikati.

"Wa elfu mbili ishirini na moja uko wapi, mama?"

Adventina akaelekeza kidole chini, pembeni. Boksi lilikuwa limefunguliwa, limewekwa majani makavu, na juu yake amekaa kuku mwekundu mwenye sura ya kutoulizwa.

"Alilichagua mwenyewe. Nilimtengenezea kiota kizuri huko nje akakikataa. Barua zipo, nimeweka majani juu yake. Amemaliza siku kumi na tano. Zimebaki sita atotoe, ngoja ziishe, tutazitoa."

"Mama, siku sita zikiisha nitabaki na moja."

"Basi tuma za miaka mingine."

"Wanataka mitano mfululizo. Mwaka ukikosekana katikati watasema nilikuwa kifungoni."

Adventina akamtazama kuku, akamtazama kijana. Mayai yalikuwa kumi na mawili na vifaranga vyake alikwisha kumwahidi dada yake. Kisha akavua khanga ya juu, akamfunika kuku kichwa, akamwinua na kumkumbatia kifuani.

"Haraka, na usitikise. Mayai kwanza, moja moja, weka kwenye kitenge. Huyu akiyasusa, utanirudishia vifaranga kutoka huko uendako."

Theonest ametoa ekseli za malori kwa mkono. Hajawahi kubeba kitu kwa uangalifu kama alivyobeba yale mayai. Chini ya majani barua zilikuwepo zote, zina joto, mbili tatu zina doa. Akarudisha majani, akarudisha mayai, Adventina akamshusha kuku. Kuku akazunguka mara mbili, akawatukana kwa lugha yake, akakaa.

"Amekubali," Adventina alisema, na hapo ndipo wote wawili walipopumua.

Wakakaa sebuleni wakazipanga mwaka kwa mwaka. Zilikuwa zaidi ya mia moja. Theonest akawa anasoma maneno yake mwenyewe ya umri wa miaka ishirini: *Breki za tela zimegoma kabisa, dereva asilaumiwe.* *Mpira wa upepo umepasuka, nimeweka mpya, gari sasa lina akili.* Alikuwa anacheka peke yake, mpaka macho yake yakashuka chini ya karatasi, mahali ambapo hakuwahi kupatazama kwa sababu akishasaini alikuwa anakimbilia chakula. Adventina alikuwa anadai sahihi ya mwenye gereji pia. Kwenye kila barua, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, na alama ya kidole yenye grisi pembeni, Mihayo alikuwa ameandika: *Kazi hii imefanywa na fundi wangu Theonest. Mimi Mihayo nimekagua.*

Fundi wangu. Zaidi ya mara mia moja, na mzee yule kuandika mstari mmoja humtoa jasho kuliko kuinua gia boksi.

Theonest akazipitia upya moja moja, kidole kwenye mistari ya chini, mpaka Adventina akadhani kuna tarehe iliyokosewa.

"Kuna tatizo?"

"Hapana mama. Nasoma tu."

Wakazipiga picha zote kwenye duka la vifaa vya ofisi pale mjini, msichana wa dukani akilalamika kwamba karatasi zinanuka kuku, na zikatumwa kabla jua halijazama. Theonest akarudi Rusumo. Safari hii alimwambia Mihayo kila kitu, ikiwemo ile mistari ya chini. Mihayo akasema ni yule mwanamke alikuwa anamlazimisha. Kisha akaingia ndani ya kontena kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Siku ya tatu yule dada wa Kiswahili cha Kenya akapiga tena. Mihayo akaweka spika ili mashahidi wawe wengi, na wote gerejini wakazima vitu vyao.

"Mzee, nimesoma barua. Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Mbona juzi ulisema humjui?"

"Juzi nilikuwa mwoga. Nilidhani unanitafutia faini."

"Na leo?"

"Leo nasema ni fundi wangu, miaka saba. Breki za lori akizifunga yeye, mimi mwenyewe nalala mbele ya hilo lori. Mkimchukua mnaniumiza. Mchukueni."

Kisha yule dada akasema asante, mzee, kwa sauti iliyokuwa imepungua ukali wa ofisi.

Ofa ilifika wiki iliyofuata, kurasa nne, jina la Theonest likiwa limeandikwa sawasawa, na mshahara ambao Mihayo aliusoma mara mbili kisha akauliza kama hawahitaji na mzee wa kushika tochi. Ya viza bado yana safari yake: kuna fomu, kuna alama za vidole, kuna vipimo vya hospitali. Lakini mlango sasa una kitasa. Theonest alimwonyesha mama yake kwanza, jikoni. Mama akaifuta mikono, akaishika karatasi kwa pembe, akauliza, "Na hii nayo umeitangaza?" Akasema hapana. Mama akasema vizuri, akaiweka ndani ya Biblia, akamwongezea maharage.

Kisha akampigia Adventina. Kuku alikuwa ametotoa vifaranga kumi na mmoja kati ya mayai kumi na mawili. Theonest akamwambia hajui atamlipa nini, aseme chochote anachotaka, hata kama ni kitu kikubwa.

"Kikubwa cha nini?" Adventina akasema. "Barua zako za ishirini na moja ziko kwenye mfuko wa rambo tangu siku ile, na huyu kuku boksi harudishi. Niletee jingine. Jeusi, lenye chuma ndani, usiniletee lile la karatasi laini."

Jumamosi akapanda hadi Ngara mjini, akaingia duka la vifaa vya shule na ofisi, akaomba boksi faili moja, jeusi, lenye chuma ndani.

Deni lote la Adventina likawa shilingi elfu tano na mia tano.